Duka la Mtandaoni Busia na Malaba: Anza na Daftari, Picha Zitafuata

Siku hizi swali tunaloulizwa sana na wenye maduka wa Busia na Malaba ni hili: nitumie programu gani kufungua duka la mtandaoni? Mara nyingi anayeuliza ameshaonyeshwa tovuti na fundi. Picha zinang'aa, kikapu kipo, kitufe cha kununua kipo, na fundi anangoja malipo ya kwanza. Kabla hujamtumia hiyo pesa, tusikilize kidogo.

Msimamo wetu ni kwamba biashara ndogo ya mpakani ichague programu ya duka kuanzia nyuma. Anza pale pesa inapoingia na pale inapoandikwa, ndipo urudi kwenye picha na rangi. Kama programu haiwezi kukuambia nani amelipa, amelipa kwa shilingi ya nchi gani, na mzigo wake umefika wapi, basi umenunua bango. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuseme wazi pia kwamba sisi ni kampuni ya malipo. Tunapata ada pale mteja wako anapokulipa, kwa hiyo tuna faida yetu katika jambo hili. Lakini hatuuzi programu ya duka, na hatupati kitu ukichagua hii ukaacha ile. Tunachokiona sisi ni upande ambao fundi wa tovuti haoni: kinachotokea baada ya mteja kubonyeza "lipa".

Mpaka una mambo yake

Ushauri mwingi wa maduka ya mtandaoni umeandikwa kwa mtu aliye na nchi moja, pesa moja na anwani moja. Mwenye duka wa Busia hana maisha hayo. Hapa ndipo neno boda boda lilipozaliwa, kutokana na baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa Kenya na Uganda, na biashara ya kuvuka haijawahi kuwa jambo geni kwetu. Mteja wako wa asubuhi yuko Soko Posta. Wa mchana yuko Sofia, ng'ambo. Wa jioni ni dereva wa trela aliyepanga foleni Malaba akielekea Kampala au Kigali.

Hawa watatu hawalipi kwa njia moja. Wa kwanza ana M-Pesa. Wa pili ana MTN MoMo au Airtel Money ya Uganda, na pesa yake ni shilingi ya Uganda. Wa tatu ana laini mbili au tatu, na bando lake ni dogo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi yeyote liwe hili: hawa watu watatu watanilipaje, na mimi nitajuaje?

Akikujibu kwamba wa ng'ambo "watatuma tu kwa ile laini yako ya Uganda", mwulize laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Wafanyabiashara wengi hutumia laini ya binamu au rafiki. Siku mkikosana, au akifariki, pesa iliyomo ni ya mwenye jina. Usijenge duka juu ya laini isiyo yako.

Pesa mbili, bei moja

Tuchukue mfano. Unauza viatu kwa shilingi 1,200 za Kenya, na faida yako ni 150. Tuseme siku unapoweka bei, shilingi moja ya Kenya ni shilingi 28 za Uganda. Unaandika kwenye duka lako USh 33,600 kwa wateja wa ng'ambo, unaendelea na shughuli zako. Baada ya wiki kadhaa kiwango kinafika 29. Mteja analipa zile zile 33,600, unazibadilisha, unapata kama 1,159. Bob 41 zimekwenda. Kwa faida ya 150, hiyo ni zaidi ya robo, na bado hujatoa ada ya kutuma wala ya kutoa pesa.

Kwa wabadilishaji pesa wa pale mpakani kiwango hubadilika hata ndani ya siku moja, na kila mama anayeuza Busia anajua hilo kwa kichwa. Programu yako haijui mpaka uiambie. Kwa hiyo taka moja kati ya mambo mawili. Ama programu inayokuruhusu kubadilisha kiwango sehemu moja na bei zote zikafuata, au bei moja tu kwa shilingi ya Kenya na maelezo mafupi kwamba bei ya Uganda inathibitishwa siku ya oda. Njia ya pili haina urembo, lakini inalinda faida yako, na wateja wa mpakani wameizoea.

Malipo lazima yaijue oda yake

Hapa ndipo wengi huumia. Tuseme wateja wawili wameagiza viatu vya 1,200 saa moja. Meseji mbili zinaingia, kila moja 1,200. Oda moja imeandikwa jina la mke, lakini pesa imetoka kwenye simu ya mume. Nyingine imetoka kwa jirani aliyekopesha. Utajuaje ni nani amelipa?

Kwenye Till mteja anaweka kiasi na PIN, hakuna mahali pa kuandika namba ya oda. Kwenye Paybill kuna nafasi ya namba ya akaunti, na hapo unaweza kumwambia mteja aandike namba ya oda yake. Njia nzuri zaidi ni programu iliyounganishwa moja kwa moja na mfumo wa malipo. Ombi linajitokeza kwenye simu ya mteja, kiasi kimeshajazwa, yeye anaweka PIN tu, na oda inageuka yenyewe kuwa "imelipwa". Safaricom ilifungua mlango wa kuunganisha programu hivyo mwaka 2017, ikauita Daraja. MTN nao wana mlango wao wa MoMo. Kampuni za malipo za katikati, yetu na za wengine, hukuunganishia mitandao kadhaa kwa pamoja ili usihangaike na kila mmoja.

Faida ya hili si kuokoa muda tu. Meseji za uongo za malipo ni nyingi, na zimeandikwa vizuri. Ukiwa na oda kumi za WhatsApp na mteja wa kumi na moja anakutumia picha ya skrini akisema "nimeshatuma, boda aondoke", ni rahisi kuteleza. Toa mzigo kwa taarifa iliyoingia kwenye akaunti yako pekee, si kwa kilichoko kwenye simu ya mteja. Programu inayosoma malipo moja kwa moja hukuondolea aibu ya kumwambia mtu "ngoja nihakikishe", kwa sababu inahakikisha kabla hujaombwa.

Hesabu ya dola

Programu nyingi zinazojulikana, kama Shopify ya Kanada, hulipiwa kwa dola kila mwezi. Ni programu nzuri, hatuna ugomvi nayo. Lakini fanya hesabu. Tuseme unalipa dola 30 kwa mwezi. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni 3,900. Kwa faida ya 150 kwa oda, unahitaji oda 26 kila mwezi za kulipia programu peke yake, kabla hujaona senti yako.

Sasa kumbuka mwanzo wa 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160. Dola 30 zile zile zikawa 4,800, yaani oda 32. Bei zako hazikupanda, wateja wako hawakuongezeka, lakini oda sita za mwezi zilimezwa na kiwango cha dola. Juu ya hapo, Shopify hutoza ada ya ziada kwa kila muamala pale unapotumia kampuni nyingine ya malipo badala ya mfumo wao, na mfumo wao wa malipo haujafunguliwa Kenya.

WooCommerce ni mfano wa upande wa pili. Ilitoka mwaka 2011 na programu yenyewe ni ya bure, inakaa juu ya WordPress. Lakini bure hapa ina maana yake: utalipia nafasi ya kuweka tovuti, utalipia jina la .co.ke, na utalipia fundi kila inapoharibika. Kama fundi yuko Nairobi na hapokei simu Jumamosi, siku ya soko duka lako limefungwa. Kabla ya kulipa, hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Jina la tovuti lililoandikwa kwa fundi ni sawa na fremu ya duka ambayo mkataba wake uko kwa mtu mwingine.

Duka la kupanga linaweza kufungwa

Soko la mtandaoni la watu wengine, kama Jumia au Kilimall, hukupa wateja ambao huwezi kuwapata peke yako. Litumie. Ila usilifanye nyumba.

Historia yetu ya karibu inatosha kutufunza. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Sky.Garden, soko la Kenya lililobeba wafanyabiashara wengi wadogo, lilitangaza kufunga mwaka 2022, likanunuliwa na Lipa Later mwezi Desemba, na mwaka 2025 Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi. Copia, iliyofikisha bidhaa vijijini kupitia mawakala, ilifika hapo hapo Mei 2024. Hatusemi haya kuwacheka. Biashara ni ngumu kwa wakubwa pia. Tunachosema ni kwamba siku soko kama hilo linapofungwa, muuzaji aliyekuwa na namba za wateja wake na hesabu ya stoki yake kwenye faili yake mwenyewe anaendelea kesho yake. Ambaye kila kitu kilikuwa kwao anaanza upya.

Na kwetu mpakani kuna jingine. Serikali ya Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na siku za kura intaneti yote ikazimwa. Mwenye duka wa Busia aliyekuwa akiuza kupitia ukurasa wa Facebook aliwapoteza wateja wa ng'ambo bila kosa lake, isipokuwa wale waliotumia VPN. Mwaka huo huo, tarehe 4 Oktoba, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Aliyekuwa na namba za simu kwenye daftari alipiga na kutuma meseji za kawaida.

Kwa hiyo uliza kila programu: naweza kutoa orodha ya wateja, oda na stoki kwenye faili ya Excel, mimi mwenyewe, leo, bila kumwomba mtu? Jibu likiwa hapana, au "tutakutumia ukihitaji", endelea kutafuta. Na ukishaipata hiyo faili, itunze. Namba ya mteja inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usiiuze, usiitume kwenye magrupu.

Fomu inayouliza vitu visivyo na kazi

Jaza mwenyewe fomu ya kununua kabla ya kulipia programu. Nyingi zitakuuliza jina la barabara, namba ya nyumba na msimbo wa posta. Msimbo wa Busia ni 50400, lakini hakuna mtu wa boda aliyewahi kufikisha kiatu kwa msimbo. Anachohitaji ni namba ya simu na alama: nyuma ya kanisa, karibu na stendi, geti la bluu. Kama fomu inamlazimisha mteja kujaza anwani asiyonayo, ataiacha katikati, na wewe hutajua kwamba ulikuwa karibu kuuza.

Fikiria na yule dereva wa Malaba. Anataka kuwekewa turubai au kamba zikamngoje atakapofika. Yuko Eldoret, mtandao unakatika, bando linaisha. Ukurasa wenye picha nzito na maandishi yanayocheza hautafunguka. Ukurasa mwepesi wenye jina la bidhaa, bei, picha moja ndogo na namba yako utauza. Jaribu duka lako kwa simu ya bei ya chini, sehemu yenye mtandao hafifu, si kwa laptopu ya fundi yenye Wi-Fi.

KRA na forodha hawajali programu

Ukiuza kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka, kodi ya mauzo ni asilimia 3 tangu Julai 2023, na inahesabiwa kwa mauzo yote, si kwa faida. Bila rekodi safi utalipa kwa kubahatisha. Tena tangu Januari 2024, mfanyabiashara anayekununulia akitaka gharama hiyo ikubaliwe kwenye kodi yake, anahitaji risiti ya eTIMS. Mwenye hoteli Malaba atakuuliza. Programu yako iwe na njia ya kuitoa, au angalau ikupe hesabu za siku ili uingize mwenyewe.

Na kitufe cha "tuma Uganda" hakifuti forodha. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mahindi au maharagwe ni jambo moja. Mitumba, ambayo imetoka mbali, ni jambo lingine kabisa. Jua hili kabla ya kuahidi bei ya kufikisha Sofia.

Basi uchague nini?

Kama unapata oda chache kwa siku, huhitaji tovuti bado. WhatsApp Business ni ya bure, na katalogi yake inabeba bidhaa hadi 500. Weka bei, weka Till au Paybill iliyosajiliwa kwa jina lako au la biashara, na ufungue daftari la nguzo tano: tarehe, namba ya simu, bidhaa, kiasi na pesa ya nchi gani, imelipwa au bado. Ukilijaza miezi mitatu bila kuruka siku, utakuwa unaijua biashara yako kuliko programu yoyote.

Hamia kwenye programu ya duka ukiona dalili hizi: unauza kitu ambacho stoki imeisha bila wewe kujua, unakosea nani amelipa zaidi ya mara moja kwa wiki, au wateja wanakuandikia usiku na asubuhi umeshawapoteza. Hapo chukua programu iliyo rahisi kuliko zote zinazotimiza mambo matatu: inapokea malipo ya pande zote mbili za mpaka, inakupa faili yako unapoitaka, na unaweza kuilipia hata Januari, mwezi ambao watu wamemaliza pesa za Krismasi na karo za shule zinangoja.

Kuna watakaosema tovuti nzuri huleta imani, na mteja wa Nairobi au Kampala hawezi kukuamini kwa WhatsApp pekee. Wana hoja. Kama bidhaa yako ni ya kipekee na unatafuta wanunuzi wa mbali, tovuti yenye jina lako inasaidia. Lakini tovuti hailetwi wateja na uzuri wake. Utalipia matangazo, na hiyo ni bajeti nyingine. Kwa wengi wa Busia na Malaba, mteja bado anakuja kwa kuambiwa na mwenzake, na kinachomrudisha ni mzigo uliofika na hesabu isiyo na utata.

Jaribu kwa siku moja

Kabla ya kulipa chochote, mwambie fundi akufungulie duka la majaribio lenye bidhaa moja ya shilingi 10. Inunue kwa laini yako ya Safaricom. Inunue tena kwa laini ya Airtel. Mwombe ndugu aliye ng'ambo ainunue kwa MTN ya Uganda. Halafu jibu maswali manne. Je, oda zote tatu zimeandikwa "imelipwa" bila wewe kugusa kitu? Pesa imeingia kwenye akaunti yenye jina lako, na baada ya muda gani? Ada imekata kiasi gani kwa kila njia? Na unaweza kutoa faili ya oda hizo tatu sasa hivi, kwenye simu yako?

Majibu yote manne yakikuridhisha, lipa fundi wako na uanze kazi. Hata moja likikwama, mwambie alirekebishe kwanza. Kurekebisha oda tatu za bob kumi ni rahisi kuliko kurekebisha mwezi mzima wa mauzo ya Desemba.